Kwa nini tamthilia za Liverpool zimejaa kazi kupotea, polisi na misiba?

#1 Kopite wa Ilala

Wakuu, habari za jioni.

Mji wa Liverpool mimi niliujua kwa mpira tu. Tangu fainali ya Istanbul 2005 nipo na wekundu wa Anfield, na hadi juzi mtu angeniuliza kuhusu mji wenyewe ningemtajia uwanja na The Beatles, basi. Mwezi uliopita jamaa yangu akanipa The Responder, sizoni ya kwanza, ile ya askari wa zamu ya usiku anayeigizwa na Martin Freeman. Nikaimaliza kwa siku mbili. Nikatafuta nyingine za mji huohuo. Nikaangalia Help, ya nyumba ya wazee wakati wa korona. Nikaangalia Anne, ya mama anayehangaikia haki ya mwanawe aliyefia kwenye maafa ya uwanja wa Hillsborough. Mwisho nikarudi nyuma kabisa hadi Boys from the Blackstuff ya 1982, ya mafundi wa lami waliokosa kazi.

Nne mfululizo, na zote zimeniacha nimekaa gizani naangalia ukuta. London wana tamthilia za mapenzi, za mawakili, za wafalme. Liverpool kila ukifungua ni mtu kafukuzwa kazi, askari kachanganyikiwa, au mama anazunguka mahakamani. Mji ndivyo ulivyo, au kuna watu wameamua uonekane hivyo?

Mwenye kujua atueleze.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Antena

Umesahau Peaky Blinders. Ile nayo ni Liverpool, na damu yake si ya kitoto. Halafu kuna Coronation Street, ile ya mtaa mmoja isiyoisha, nayo ni hukohuko. Jibu ni rahisi mkuu, mji wa bandari una wahuni, wahuni wanauza muvi.

#4 Bi Nasra

Fundi Antena, taratibu mwanangu. Mimi nipo Manchester tangu 1998, naomba nikusahihishe kabla hujaenda mbali.

Peaky Blinders ni ya Birmingham. Aliyeiandika, Steven Knight, ni mtoto wa Birmingham, na Birmingham hata kaskazini si, iko katikati ya nchi. Coronation Street ni ya kwetu huku. Mtaa wenyewe uko Weatherfield, mahali pa kubuni palipofananishwa na Salford. Ilianza tarehe 9 Desemba 1960, na William Roache, anayeigiza Ken Barlow, yumo tangu usiku ule wa kwanza. Ukimwambia mtu wa Salford kwamba hiyo ni ya Liverpool, chai yake utainywa imepoa.

Ila kuna kitu umegusa bila kujua. Peaky Blinders sehemu kubwa ilipigwa Liverpool. Mtaa wa kina Shelby uliouona ni Powis Street, uko Toxteth.

#5 Fundi Antena

Asante Bi Nasra, nimesahihishwa na nimekubali.

Lakini basi umenipa hoja. Kama Birmingham inaigizwa ndani ya Liverpool, maana yake kupiga picha pale ni nafuu, na majengo ya zamani yapo. Hata The Batman ya 2022, ule mji wa Gotham, mbele ya lile jengo lenye nguzo ni St George's Hall ya Liverpool. Watayarishaji wanakwenda penye nafuu. Kamera zikishafika, hadithi zinatafutwa za kujaza.

#6 Bi Nasra

Nafuu ipo, ila jiulize kwa nini ile Powis Street ilikuwa imebaki kama ya miaka ya 1920. Watu walihamishwa, nyumba zikazibwa mbao madirishani, zikasubiri kubomolewa miaka na miaka. Mtaa wa Madryn alikozaliwa Ringo Starr uko hapohapo jirani, nao ulizibwa vilevile. Baadaye nyingi zikakarabatiwa na watu wakarudi. Kamera ilikuta mtaa mtupu. Alioutoa watu si mpiga picha.

#7 Mtoto wa Kilindini

Naandika kutoka Mombasa, na sababu mimi naiona moja: bandari.

Baba yangu alikuwa kuli Kilindini. Alianza akiwa kijana, kibarua cha siku. Asubuhi mnajipanga getini, serangi anapita anachagua. Aliyechaguliwa anaingia. Asiyechaguliwa anarudi Majengo kwa miguu, na hana la kumwambia mkewe. Kulabu yake ya kunyanyulia magunia bado imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, mpini umelainika kwa jasho mpaka unang'aa.

Sasa tazameni Liverpool. Hadi 1967 makuli wa kule waliajiriwa kwa mtindo huohuo, wanasimama kama ng'ombe zizini wakingoja msimamizi amguse mtu bega. Kulabu zao hizihizi. Mwaka 1967 wakapewa ajira ya kudumu, na hawajakaa sawa, makontena yakaingia. Gati jipya la Seaforth likafunguliwa 1972, watu wachache wanashusha meli nzima, magati ya zamani ya katikati ya mji yakafungwa. Mwaka 1973 Uingereza ikajiunga na Soko la Pamoja la Ulaya, biashara ikahamia bandari za upande ule unaotazama bara, Felixstowe na wenzake. Liverpool inatazama Ireland na Marekani. Mzigo ukaja kwa mlango wa nyuma ya nyumba, wao wamekaa barazani.

Miaka ya 1930 mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 800,000. Mwaka 2001 hawafiki 450,000. Karibu nusu ya mji imeondoka. Mwandishi akae hapo aandike mapenzi ya mawakili?

#8 Siti ya Mbele

Mtoto wa Kilindini, umenena. Hiyo kulabu itunzeni.

#9 Mzalendo Halisi

Maelezo mazuri lakini mnamzunguka mhusika. Sababu ni Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati ule. Aliingia, akafunga viwanda, wasio na kazi Uingereza nzima wakapita milioni 3 mwaka 1982, na mwaka huohuo BBC wakaonyesha Boys from the Blackstuff. Yosser Hughes yule, anayetembea na watoto wake watatu akiomba kazi kwa kila anayekutana naye, ni kilio dhidi ya Thatcher. Hakuna fumbo.

#10 Bi Nasra

Mzalendo, hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata Waingereza wenyewe. Kabla ya ile sizoni ya sehemu 5 kulikuwa na mchezo mmoja, The Black Stuff, wa mafundi haohao wanaokwenda kumwaga lami Middlesbrough na kutapeliwa. Ulirekodiwa 1978 ukaonyeshwa Januari 1980. Thatcher aliingia madarakani Mei 1979. Alan Bleasdale, mwandishi wake, alikuwa ameshawaona watu hawa wakianguka wakati chama cha Labour kipo ikulu. Thatcher alifanya mambo yake, sikatai, nimekaa na watu waliopitia. Ila kilio kilianza kabla yake, na hiyo inamrudishia hoja Mtoto wa Kilindini.

Na mleta uzi, hukucheka kweli? Blackstuff ina vichekesho vinavyouma. Iangalie tena.

#11 Mwanza Blue

Nimesoma uzi wote nashangaa mnataja wekundu tu. Tamthilia ya polisi ya kwanza kubwa ya eneo lile ni Z-Cars, ilianza Januari 1962. Mji wake ni wa kubuni, Newtown, ila ulichorwa kutokana na Kirkby, mji mpya nje ya Liverpool walikohamishiwa watu wa vibanda vya zamani. Kabla ya hapo polisi wa kwenye luninga ya Uingereza alikuwa babu mpole anayesalimia watoto. Z-Cars ikaleta askari anayegombana na mkewe nyumbani. Kwa hiyo huyo Martin Freeman wako wa The Responder ana babu zake.

Na ule wimbo wa mwanzo ndio Everton wanatokea nao uwanjani. Asili yake ni wimbo wa zamani wa watu wa Liverpool, Johnny Todd, wa baharia aliyesafiri akamwacha mchumba. Kopite, nyie wimbo wenu mmeutoa kwenye mchezo wa jukwaani wa Marekani. Wa kwetu ni wa nyumbani.

#12 Gor Damu

Mwanza Blue umenigusa! Gor Mahia yetu ilicheza na Everton Goodison Park Novemba 2018. Tulifungwa 4–0 lakini tulifika. Na 2017 walikuja Dar wakatufunga 2–1, Rooney akaachilia lile kombora la mbali. Nilisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda kuangalia mechi ile.

#13 Kopite wa Ilala

Jamani mada. Hata hivyo, kwa kuwa mmeileta mpira: kwenye sehemu ya Yosser ya Boys from the Blackstuff wamo Graeme Souness na Sammy Lee, wachezaji halisi wa Liverpool wa wakati ule. Yosser anamfuata Souness mezani anamwambia wanafanana. Niliruka kwenye kiti. Nahodha wa timu iliyokuwa inachukua ubingwa, na mbele yake mtu aliyepoteza kila kitu, wote na masharubu yaleyale.

Bi Nasra nitairudia, nakuahidi.

#14 Mwalimu Kashaija

Niongeze upande ambao haujaguswa. Shida ipo miji mingi ya kaskazini. Sheffield ilipoteza chuma, Newcastle ilipoteza meli. Newcastle walipata Our Friends in the North mwaka 1996, kazi kubwa sana, Daniel Craig yumo akiwa bado hajulikani. Sheffield wana Threads ya 1984, ya bomu la nyuklia, ambayo sishauri mtu aiangalie usiku. Lakini hakuna mji uliozaa mfululizo kama Liverpool. Kwa hiyo shida peke yake haitoshi. Lazima kuwe na mahali pa kujifunzia.

Mahali hapo palikuwa Brookside. Phil Redmond aliianzisha Channel 4 tarehe 2 Novemba 1982, usiku wa kwanza kabisa wa chaneli hiyo. Hakujenga mtaa wa mbao studio. Alinunua nyumba za kweli kwenye kitongoji kipya, akaweka kamera ndani, jikoni ni jiko, ngazi ni ngazi. Na ilidumu miaka 21. Maana yake kwa miaka 21 kijana wa Liverpool mwenye kipaji cha kuandika, kuigiza au kushika taa alikuwa na pa kwenda bila kupanda treni ya London. Jimmy McGovern aliyeandika tamthilia ya Hillsborough alikulia kazini pale. Ricky Tomlinson aliyeigiza Bobby Grant, mtu wa chama cha wafanyakazi, yeye mwenyewe alikuwa fundi wa ujenzi aliyefungwa 1973 kwa sababu ya mgomo. Hukumu yake ilifutwa na Mahakama ya Rufaa Machi 2021, baada ya miaka 47. Mtu kama huyo humfundishi kuigiza hasira.

Na Tony Schumacher wa The Responder alikuwa askari polisi kabla ya kuwa mwandishi. Wanaandika walichokipitia. Wangepitia kitu kingine wangeandika hicho.

#15 Dada wa Chuini

Mwalimu mimi nakupinga kidogo. Mnasema "zote ni huzuni" kwa sababu mnachagua za huzuni. Bread je? Ya Carla Lane, mzaliwa wa Liverpool, 1986 hadi 1991, BBC. Familia ya Boswell, mama na watoto wake wakubwa, mezani pana chombo cha udongo cha umbo la kuku. Wakati wa chakula kila mtu anafunua kuku anaweka alichopata siku hiyo. Mama anaangalia kila noti inavyoingia. Shangazi yangu alikuwa nayo kwenye kanda za video, tulikuwa tunaangalia Unguja bila kuelewa nusu ya maneno, na tulikuwa tunacheka kwa sababu ya yule kuku.

#16 Mwalimu Kashaija

Dada wa Chuini, nakushukuru, nilikuwa nimeisahau kabisa. Ila angalia wanachochekea. Watoto wale wengi hawana ajira, wanakwenda ofisi ya msaada wa serikali kuombea hela kwa ujanja. Ni shamba lilelile, jembe tofauti.

#17 Nesi wa Usiku

Habarini. Huwa nasoma tu, leo naandika kwa sababu ya Help.

Mimi ni mtunza wazee, nipo upande huu wa Merseyside tangu 2023. Nilikuja kwa ile viza ya watunzaji. Yaliyonipata kwa wakala aliyenileta sitayaandika hapa, ila deni nimemaliza kulipa Machi mwaka huu. Nafanya zamu za usiku.

Help ya 2021 inamhusu Sarah, msichana wa Liverpool anayeanza kazi kwenye nyumba ya wazee, Jodie Comer. Kuna mkazi ana miaka 47 tu na tayari akili inapotea, Stephen Graham. Korona inaingia. Kuna usiku mmoja Sarah anabaki peke yake na mgonjwa anayeshindwa kupumua. Anapiga simu, anaambiwa asubiri. Anapiga tena. Kamera haikatwi, zaidi ya dakika 20 unamfuata kwenye korido, anaingia, anatoka, anakimbia, anarudi kwenye simu.

Niliiangalia na mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa hapa, mama wa miaka 60 hivi. Yeye mwaka 2020 alikuwa kazini. Ilipofika kwenye korido ile aliinuka, akaenda jikoni. Nikasikia maji. Nikamfuata, nikamkuta anaosha vikombe nilivyokuwa nimeviosha na kuvipanga. Aliviosha vyote sita. Akarudi akakaa, akasema rudisha nyuma kidogo nimekosa.

Kopite umeuliza kama mji ndivyo ulivyo. Wazee ninaowahudumia wanapenda utani kuliko watu wote niliowahi kukutana nao. Usiku wa manane mtu ana maumivu, unamgeuza kitandani, anakutania kuhusu timu. Nikija kwenye luninga naona shida zao zimeingia, utani umeingia nusu. Ila ile korido ni ya kweli. Kengele zile zinavyolia pamoja, vyumba vitatu kwa mara moja, na wewe una miguu miwili. Aliyeiandika alikaa na watu wa kazi hii akawasikiliza.

#18 Kopite wa Ilala

Nesi, asante sana. Mungu akupe nguvu huko.

#19 Mzalendo Halisi

Pole dada. Lakini hebu nirudi nilipokuwa. Nani anatoa hela ya kutengeneza? BBC, ITV, Channel 4. Wakubwa wao miaka yote wamekaa London. Mwandishi wa Liverpool akipeleka hadithi ya daktari wa meno anayependa bustani, wataikubali? Watamwambia lete ya dawa za kulevya. Sisi tunalijua hilo, wageni wakija na kamera Tandale au Kibera wanatafuta mtaro wa maji machafu kwanza. Kaskazini kwa London ni Tandale yao.

#20 Bi Nasra

Mzalendo, hapa nakubaliana nawe nusu. Tofauti moja kubwa: Granada. ITV ilipoanzishwa miaka ya 1950 iligawiwa kwa mikoa, na kampuni ya kaskazini ilikuwa Granada, makao yake Manchester. Coronation Street ni yake, na Hillsborough ya 1996 ni yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi kulikuwa na watu wa kaskazini wenye hela za kaskazini wakiamua mambo yao. Baada ya makampuni yale kumezwa na kuwa moja, hapo hoja yako inapata uzito.

#21 Mwalimu Kashaija

Na kuna tamthilia ambazo London isingeziomba kamwe. Chukua Hillsborough.

Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, kwenye uwanja wa Hillsborough ulioko Sheffield. Watu walibanwa wakafa. Siku 4 baadaye gazeti la The Sun likachapa uongo kwamba mashabiki walevi waliwaibia maiti. Hadi leo wauza magazeti wengi Liverpool hawaliweki. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ya kwanza ikasema ni ajali, na ikakataa kusikiliza chochote kilichotokea baada ya saa tisa na robo alasiri, kana kwamba wote walikuwa wameshakufa. Ndipo alipoingia yule mama wa tamthilia ya Anne, Anne Williams, aliyekuwa na ushahidi kwamba mwanawe Kevin wa miaka 15 alikuwa hai baada ya muda huo.

Mwaka 1996 Jimmy McGovern akaandika mchezo kwa kukaa na familia, ITV wakauonyesha Desemba. Mahakama zilikuwa zimefunga milango. Hukumu ya kwanza ikafutwa Desemba 2012, na Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama likasema watu 96 waliuawa kinyume cha sheria. Karibu miaka 20 kati ya mchezo na hukumu ile. Wakati huo wote ushahidi wa familia ulikuwa unapatikana kwenye kanda ya video. Kwa Liverpool tamthilia imekuwa baraza la kutolea ushahidi. Mimi naona hiyo ndiyo sababu haswa.

#22 Mwanza Blue

Mwalimu, ni 97 sasa. Mmoja aliyeumia siku ile alifariki 2021 na akahesabiwa pamoja nao. Na sisi wa Everton kwenye hilo tulisimama na ndugu zetu, iandikwe.

#23 Mwalimu Kashaija

Kweli, 97. Asante.

#24 Mchungaji wa Mbozi

Wapendwa, mmesahau kanisa. Liverpool imejaa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, waliovuka bahari wakati wa njaa ya miaka ya 1840. McGovern, Bleasdale, wote wametoka kwenye malezi hayo. Angalieni Broken ya 2017, Sean Bean ni padre, parokia yake maskini, imepigwa Liverpool ingawa mji hautajwi. Kila sehemu ni mtu anakuja na mzigo wa hatia. Kwenye kitubio unasema kosa lako kwa sauti, mbele ya mtu. Tamthilia zao zinafanya kazi hiyohiyo. Hata Yosser anaingia kwenye kibanda cha kitubio anamwambia padre amekata tamaa. Mimi nililia. Padre anamwambia amwite Dan, Yosser anarudia "I'm desperate, Dan", sikuelewa kwa nini mwenzangu alicheka.

#25 Bi Nasra

Mchungaji, hapo ndipo kichekesho nilichomwambia mleta uzi. Desperate Dan ni jina la pande la mtu wa katuni kwenye gazeti la watoto, kila Mwingereza alimsoma utotoni. Mtu anamwaga machozi ya mwisho wa dunia, maneno yanajipanga yenyewe yanakuwa jina la katuni. Padre anabaki hajui acheke au alie. Na sekunde chache baadaye Yosser anapiga kichwa ukuta wa kibanda. Maandishi ya chini ya skrini hayawezi kukupa hilo.

#26 Mkazi wa L8

Nakaa Toxteth mwaka wa 9. Bandari, kanisa, Thatcher, mmesema vizuri. Lakini kwenye tamthilia hizo zote mtaa wangu mnauona? Hapa kuna Wasomali na Wayemeni ambao babu zao walikuja kwenye meli, kuna watu weusi ambao familia zao zipo hapa vizazi na vizazi, Liverpool ikiwa bandari iliyopeleka meli nyingi za biashara ya watumwa kuliko zote Uingereza. Julai 1981 mtaa huu uliwaka moto, vijana na polisi, ndipo serikali ikamtuma waziri kuja kutazama. Brookside walikuwa na familia ya Mick Johnson, na nashukuru. Kwenye The Responder yumo Adelayo Adedayo kama askari mwenzake, na ameigiza vizuri mno. Lakini hadithi kubwa ya L8 yenyewe, yaani Toxteth hii, ya tangu mabaharia hadi 1981, ya sehemu 9 kama ile ya Newcastle, bado naingoja. Kwa hiyo hizo sababu zenu za "wanaandika walichokipitia" zina mlango, na si wote walioingia.

#27 Fundi Antena

Mkazi umesema kitu kizito. Swali dogo: Adolescence ya 2025 ni Liverpool? Yumo Stephen Graham.

#28 Bi Nasra

Hapana. Mji wake hautajwi, ilipigwa Yorkshire. Stephen Graham ndiye mtoto wa Kirkby, na yule kijana Owen Cooper ni wa Warrington, katikati ya Liverpool na Manchester. Mwandishi mwenza ni Jack Thorne, aliyeandika Help. Ukiona kila sehemu imepigwa bila kukatwa, kumbuka ile korido ya Nesi.

#29 Mtoto wa Kilindini

Nimerudi, na ripoti.

Jumapili nilimwekea mzee ile sehemu ya mwisho ya Boys from the Blackstuff, ya George, kuli mzee anayekufa. Kiingereza chake ni cha bandarini, kwa hiyo nilikuwa nafasiri. Mwanzo alikuwa anasinzia. Ilipofika pale George anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi Albert Dock, magati yamefungwa, hakuna meli, mzee akakaa wima. Akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema tena.

Nilidhani anataka maneno. Kumbe anaangalia kuta. Akauliza, "Wamepaacha hivihivi?" Nikamwambia wakati ule ndiyo, siku hizi pametengenezwa, pana makumbusho na mikahawa. Akanyamaza. Halafu akauliza kama yule mgonjwa ni mtu kweli au muigizaji. Nikamwambia ni muigizaji, Peter Kerrigan, ila naye kabla ya hapo alikuwa kuli wa bandari ileile. Mzee akasema, "Ndiyo maana. Anayatazama maji kama mtu anayengoja meli."

Baada ya hapo akaanza kuhesabu genge lake kwa vidole, mmoja mmoja kwa majina ya utani. Kumi na wawili. Waliobaki ni yeye na mwingine aliyeko Likoni.

Sasa anataka ya pili, ile Dockers ya 1999, ya mgomo wa makuli 500 waliofukuzwa Liverpool 1995. McGovern na Irvine Welsh waliiandika pamoja na makuli wenyewe waliofukuzwa, waliokaa darasani kujifunza kuandika. Kopite, hao ndio Robbie Fowler aliowavalia ile fulana Machi 1997 akatozwa faini na UEFA.

#30 Kopite wa Ilala

Fulana ile naijua, sikuwahi kujua ni ya nani. Mkuu, ulimuuliza mzee swali langu? Kwa nini za Liverpool ziko hivi?

#31 Mtoto wa Kilindini

Nilimuuliza. Akasema muulize huyo kijana wa Ilala, baba yake alifanya kazi gani.

#32 Kopite wa Ilala

Baba alikuwa kiwanda cha nguo hapa Dar. Wakapunguzwa 1996, mimi nipo darasa la pili. Hakutuambia. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanyoa ndevu kwenye kile kioo kidogo cha uani, akavaa shati la kazi, akatoka. Miezi minne. Mama ndiye aliyekuja kumkuta amekaa pale Mnazi Mmoja.